Vikofia Kumi na Tisa vya Mama Freha

Ndugu, jamaa na majirani wa Tiberia, mniwie radhi nikikosea. Tunayemzika leo, Jumanne tarehe 5 Machi 2019, ni mama yangu, Freha Azerwal, na mambo yake mengine mimi mwenyewe sijayaelewa.

Marehemu alizaliwa Sefru, Moroko, mwaka 1946. Au 1948. Kitambulisho kinasema hivi, mama mkubwa Sultana anasema vile, na asubuhi hii nimeshindwa kuwapatanisha. Alifika nchi hii na wazazi wake mwaka 1955, akasoma hadi darasa la nane, kisha akapika katika jiko la shule ya msingi kwa miaka ishirini na minane. Jioni alishika sindano ya kroshia na kufuma vikofia vya utosini, kippa, kwa wavulana na mabwana harusi wa mtaa mzima. Kwetu mtu husomwa imani yake utosini kabla hajafungua mdomo, na vya Mama vilijulikana kwa ukingo wake wa buluu.

Mwaka 1967 aliolewa na marehemu baba, Makhluf. Kikofia cha uchumba alikifuma kwa kukisia, kikamfunika bwana harusi masikio. Baba akasema, "Hewala, mke wangu, mvua ikinyesha tutaingia wote." Tangu siku hiyo Mama hakufuma tena bila kupima kichwa.

Aprili 2000 mwanawe wa kwanza, Elyashiv, yaani mimi, alivua kikofia. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, imani ilikuwa imenitoka, na sikutaka kichwa changu kiseme uongo. Niliingia jikoni utosi wazi, maneno ya ugomvi nimeshayapanga. Mama akanitazama utosini, akasema, "Kaa ule. Samaki wanapoa." Basi! Hakuuliza, hakulia. Mpaka leo sijui kama alikasirika, na hilo limenisumbua kuliko matusi.

Alianza kuugua Oktoba mwaka jana. Akasahau tarehe, akasahau majina. Mimi aliniita Amram, kaka yake aliyefariki zamani. Kisha alinivuta kichwa, akakipima kwa shubiri, akamwambia muuguzi, "Ah, kumbe ni Elyashiv wangu." Nilidhani ni homa. Alifariki jana saa nne asubuhi.

Jana hiyo hiyo mchana, dada yangu Geula na mimi tulifungua droo yake. Vikofia kumi na tisa, kimoja kwa kila Mwaka Mpya tangu nilipovua, vyote kipimo changu! Nikachanganyikiwa. Miaka yote hiyo, kabla ya kuugua, hakunipima hata mara moja. Bwana Shaltieli, mwenye duka la zeituni, ndiye aliyefichua.

"Alikuwa akija, 'Shaltieli, lete kichwa!' Namwambia, 'Bibi wee, mimi nauza zeituni, siuzi kichwa.' Anajibu, 'Mwanangu ana kichwa kikubwa kama chako, ila chake kigumu zaidi.' Nikamuuliza, kwani atavaa? Akanifokea, 'Nani kasema avae? Nafuma nisisahau kipimo chake.'"

Leo kwenye geti la makaburi Geula amenipa kikofia cha karatasi, kile cha wageni. "Vaa hiki, usijisumbue." Nimekataa. Kuvaa kimoja cha vile kumi na tisa nako nimeogopa, maana siamini, au sijui kama naamini, na Kadishi, sala ya wafiwa, ni lazima niisome mimi, nayo haisomwi utosi wazi. Chini kabisa ya droo kulikuwa na cha ishirini. Hakijafika ukingoni, kipana kama kiganja, uzi bado unaning'inia. Ndicho nilichokibana hapa kwa vibanio vitatu. Mama mkubwa, usicheke.

Marehemu ameacha watoto wawili, Elyashiv na Geula, wajukuu watano, na dada yake Sultana.

Pumzika kwa amani, Mama. Nimeinama, kichwa ni hiki hapa.