Sanduku la Diski Kando ya Posho Mill

Pasta ameniambia nichukue dakika chache. Mimi nimepiga video ya ibada nyingi sana hapa Zombe, na dakika chache za ushuhuda nazijua urefu wake, kwa hivyo kaeni vizuri. Na tafadhali msinipigie makofi kwanza. Kuna wengine wenu hapa walisema nimemeza watu wao waliokufa. Sitataja jina la mtu. Mnajijua, na mimi nawajua.

Kwa wageni wetu, mimi ndiye yule mama wa kamera na wa fotokopi hapo sokoni. Mtu akioa, niko. Mtu akizikwa, niko, nimesimama juu ya kiti nyuma ya kwaya. Na kila mara alikuwa anakuja mtu kwangu uso umemwanguka. Simu imetumbukia kwa sufuria ya supu. Simu imeibiwa sokoni. "Mama, ile video ya baba ulitupigia, bado unayo?" Mara nyingi sikuwa nayo, kwa sababu nilifuta ya juzi ili nipate nafasi ya kesho. Hiyo kufuta iliniuma sana.

Kuna kampuni za ng'ambo zinakuwekea picha zako kwa intaneti, hilo najua. Lakini wanataka kadi ya benki, na wanakata kwa dola kila mwezi. Mama wa Kyuso anayeuza ndengu ana kadi gani? Watu waliniambia hizo picha zinakaa kwa mawingu. Nikasoma, nikauliza waliosoma kuliko mimi, nikagundua hakuna wingu lolote. Ni diski. Diski kubwa nyingi ndani ya chumba cha mtu, zimeunganishwa pamoja, zina stima na feni. Nikajiuliza, hicho chumba kwa nini kisiwe Zombe?

Mashine ya kiwandani ya kubeba diski nyingi hivyo ni ya matajiri. Nikaamua kuunda yangu. Nilienda kwa fundi wa kuchomelea, yule anayetengeneza mageti, nikamchorea kwa kidole mchangani. Akanikatia bati nzito na kutoboa matundu ya feni. Akaniuliza, "Mama, hii ni jiko ya aina gani?" Nikamwambia ni ghala. Akachungulia ndani, akatikisa kichwa. "Ghala gani haina hata mahali pa debe moja?"

Ndani nilipanga diski zikisaidiana. Moja ikifa, au hata mbili, zile zingine zinabeba kazi yake mpaka niweke mpya. Hiyo sehemu niliifanya vizuri, na sioni haya kusema. Nilipokosea ni mahali pa kuliweka.

Hapa kwetu ukitaka stima ya nguvu unafuata posho mill, mashine ya kusaga unga. Nikakodi chumba kando yake, ukuta ni mmoja. Na kwa vile nilitaka sanduku langu likae imara, mwizi asije akalibeba, nikamwambia fundi alifunge kwa bolti kwenye ukuta huo huo. Likashika kabisa. Nikasimama hapo nikijisifu.

Watu wakaanza kutuma vitu vyao, kutoka Kyuso, kutoka Mwingi, hadi Malili kule Makueni ambako dada yangu ana duka. Walilipa kwa simu, kidogo tu, kile mtu anaweza. Kwaya yetu hii ikaweka nyimbo zake zote. Nilikuwa natembea hapa sokoni kichwa juu, na mliona.

Kisha tukavuna. Mnakumbuka msimu ule mahindi yalikubali. Posho mill ilisaga toka asubuhi hadi jioni bila kupumzika. Diski moja ikanyamaza, nikasema sawa, zingine zitabeba. Ya pili ikanyamaza. Nikiwa bado natafuta za kubadilisha, ya tatu ikaanguka, na sanduku lote likakataa kusoma. Vitu vya watu wote vilikuwa ndani, na nakala nyingine sikuwa nayo mahali popote.

Kuna mama mmoja, na leo ameketi hapa, amenikubalia nimseme bila jina. Mamake alikuwa amekufa. Sauti ya mamake ilikuwa imebaki kwa video moja fupi ambayo yeye mwenyewe alimpiga nyumbani, na simu yenyewe ikaibiwa. Video ilikuwa kwangu. Yeye hakunipigia kelele. Alikuja, akaketi kwa kiti cha plastiki, akaweka mikono kwa magoti, akasema, "Nirudishie mwaitu." Nirudishie mama yangu. Akainuka, akaenda. Ningefurahi kama angenitukana.

Kutukanwa nilitukanwa na wengine. Eti nimeuza picha za watoto wao Nairobi. Eti nimemeza wafu. Na mzee mmoja wa kamati ya kanisa, Mungu ampe maisha marefu, aliniambia mbele ya watu, "Mama, hii kazi wachia watu wa Nairobi. Wewe rudi kwa fotokopi." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka nao. Ndugu zangu, nawaambia, hicho kicheko changu mwenyewe ndicho kiliniumiza kuliko vyenu vyote.

Nikafunga mlango. Nikaenda kwetu Kyuso, nikazima simu, nikaingia shambani kuchuma ndengu. Mtu aseme ukweli akiwa kanisani: sikuwa naomba. Nilikuwa nimenuna. Hata Mungu nilikuwa nimemnunia.

Mama yangu aliniacha hivyo siku kadhaa. Siku moja anapepeta ndengu akaniuliza, "Hizo vitu za watu ziko wapi sasa?"

"Ziko kwa chumba."

"Na wewe uko hapa?"

Akaendelea kupepeta. Nikarudi Zombe, lakini msidhani nilirudi na imani. Nilirudi kufungua zile bolti, niwape watu diski zilizokufa, nirudishe ufunguo.

Nikafika, nikaweka kikombe changu cha chai juu ya sanduku kama kawaida yangu. Jirani yangu wa posho mill akawasha mashine. Kikombe kikaanza kutembea. Kikaenda polepole mpaka ukingoni, na mkono wangu, bila mimi kufikiria, ukakirudisha katikati. Hapo ndipo niliutazama huo mkono. Tangu nikodi hicho chumba nilikuwa nakirudisha hicho kikombe kila siku, na sikuwahi hata mara moja kujiuliza ni nini kinakitembeza.

Ndani ya diski kuna sahani inazunguka mbio sana, na kuna kidude kama sindano kinasoma juu yake bila kuigusa. Ukikitikisa, kinapotea njia. Na mimi, mwenye akili nyingi, nilikuwa nimezifunga diski zote kwa bolti kwenye mbavu za posho mill.

Niliketi chini nikacheka, na safari hii kicheko kilikuwa changu. Hakuna aliyeniroga. Hiyo kazi haikuwa kubwa kuliko mtu wa Zombe. Diski zilikuwa zinatikiswa, basi. Nikasema kwa sauti, na jirani alinisikia juu ya ile kelele: kwa fotokopi sirudi.

Mnajua blada, ile mipira ya tyubu kuukuu ambayo watu wa boda hufungia mizigo. Mtu wa boda anatoa trei za mayai hapa mpaka Mutitu, kwa ile barabara yetu, na mayai yanafika mazima. Nikanunua blada stejini kwao, wanakoegesha pikipiki. Nikaning'iniza kila diski kwa blada zake, isigusane na bati wala na mwenzake. Sanduku nikalitoa ukutani, nikaliweka katikati ya chumba juu ya tairi ya lori. Nikajaza kikombe chai hadi juu, nikakiweka. Jirani akasaga. Chai haikumwagika.

Na ile diski ya tatu haikuwa imekufa. Ilikuwa imechanganyikiwa tu. Ilipotulia ilianza kusoma, zile zingine zikaitambua, na mimi nikaanza kunakili haraka kama mtu anayeanua nguo mvua ikija. Si vyote vilirudi. Kuna harusi zilipotea kabisa, na wenyewe nimewaendea nyumbani, nikawaambia kwa mdomo wangu.

Nilimpigia simu yule mama. Akaja, akaketi kwa kile kiti cha plastiki. Kelele ilikuwa nyingi, hatungesikia kitu. Nikaenda kwa jirani, foleni imejaa, nikamwomba azime kidogo. Wanawake wakauliza kuna nini. Akawaambia, "Kuna mtu hapa anataka kusikia mamake." Hakuna aliyenung'unika.

Nikawasha video. Picha ilikuwa imekatika vipande vipande, uso hauonekani vizuri. Lakini sauti ilikuwa nzima. Yule mama mzee alikuwa anagomba. "Wewe unanipiga picha, na hizi mbaazi zitajibambua? Weka hiyo simu chini ukuje hapa."

Huko nje, upande wa pili wa ukuta, mama mmoja mwenye debe lake akasema, "Ni yeye huyo." Na binti wa huyo mzee, hapa kwa kiti changu, akaijibu ile video, "Nakuja, mwaitu." Kisha akalia, nikalia, na jirani akangoja mpaka tumalize ndio akawasha.

Nashukuru jirani yangu wa posho mill. Nashukuru fundi, sanduku la pili alilichomelea bila kuniuliza kama ni jiko. Hilo liko Malili kwa dada yangu, na sasa kila kitu chenu kinakaa sehemu mbili, hapa na kule, hata Zombe ikikosa stima wiki nzima. Nashukuru mama yangu na lile swali lake. Nashukuru yule aliyesema nirudishe mamake, kwa sababu yeye alidai kilicho chake na hakuniambia niache kazi.

Kama kuna funzo, ni hili. Kitu chako kikianza kusogea, usikirudishe tu mahali pake. Uliza nani anakisukuma. Na mtu akikuambia kazi fulani ni ya watu wa mahali pengine, muulize hao watu wana nini ambacho wewe huna. Mimi nilikosa blada tu.

Na mzee wangu wa kamati, sijakutaja. Lakini harusi ya binti yako iko ndani ya sanduku langu, nzima, mpaka ile sehemu ulicheza. Mke wako ndiye aliileta. Muulize mkifika nyumbani.

Kesho mashine itawashwa asubuhi kama kawaida. Kujeni na mahindi, kujeni na simu zenu. Kikombe changu kiko palepale juu ya sanduku, mtu yeyote aingie akitazame. Hakitembei.