Mama Evas na Moto Aliohama Nao

Wasikilizaji wapendwa, mlioko jikoni, dukani na malishoni, kutoka Kasese mpaka Bwera, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Mama Evas, mfugaji, aliyetuacha Jumatano iliyopita nyumbani kwake Karusandara. Alikuwa na miaka themanini na minne. Alihama mara thelathini. Ndiyo, mara thelathini.

Evas alizaliwa safarini. Baba yake alifuata majani na maji, na majani hayakai mahali pamoja. Walijenga kibanda cha nyasi, wakakaa mpaka malisho yakaisha, wakakiacha. Siku ya kuhama wanaume walitangulia na ng'ombe. Evas alibeba moto. Makaa ya kinyesi kikavu cha ng'ombe, yakifunikwa majivu ndani ya chungu, hayazimiki upesi. Walipofika, moto uliwashwa kwanza. Moshi ulifukuza nzi, ng'ombe wakausogelea, wakalala. Hapo ndipo palipoitwa nyumbani. Moto huo alipewa na mama yake, na haukuwahi kuzimika.

Siku hizi malisho mengi yamezungushiwa waya, na wachungaji huulizana kwa simu mvua imenyesha wapi. Miaka sita iliyopita mwanawe, Bright, alijenga nyumba ya matofali yenye umeme Karusandara ili mama apumzike. Akakodi lori kumtoa kibandani kwake Nyakatonzi. Akapakia vitanda, vibuyu vya maziwa na ndama wawili. Moto akausahau.

Mama Evas alishuka, akachungulia mlangoni, akaketi nje juu ya godoro lake.

"Bright, moto yangu iko wapi?"

"Mama, hapa iko stima!"

"Stima inajua ng'ombe yangu? Mimi siingii."

Siku mbili hakuingia. Mkwe wake, Rusi, anakumbuka: "Tulimubembeleza na chai, na chapati. Alikula zote, akabaki nje."

Bright aliogopa. Mama asipoingia, angerudi kuishi peke yake kule, na miguu yake ilikuwa imechoka. Bahati nzuri, jirani wa Nyakatonzi alikuwa bado anautunza ule moto. Bright akamtuma Mumbere, mwendesha bodaboda ambaye pia ni mkulima. Mumbere aliweka makaa kwenye sufuria wazi, akakimbiza pikipiki. Alifika Rukoki, katikati ya njia, shati linatoa moshi. Watu wa sokoni wakammwagia maji, yeye na makaa pamoja.

Aliposikia, Evas alicheka mpaka akashika mbavu. "Mukulima, unabeba moto kama muhogo! Nipeleke mimi."

Basi wakarudi Nyakatonzi kwa jirani, ambako moto ulikuwa bado unawaka, na kuhama kwa thelathini kukawa kwa bodaboda. Evas alikaa nyuma, chungu mapajani, akipiga kelele: "Enda mwendo ya ng'ombe!" Njia nzima aliimba majina ya ng'ombe wake, waliokufa na walio hai. Watoto wa Rukoki walikimbia pembeni wakiitikia. Walipofika Karusandara, aliwasha moto uani, ndama wakausogelea, naye akaingia ndani. Nyumba ishirini na tisa za nyasi, moja ya matofali. Moto ulikuwa mmoja.

Baada ya mazishi, Jumamosi, Bright alisimama uani akauliza, "Sasa tuzime?"

Binti yake Sylivia, anayeuza maziwa Bwera, alikuwa tayari na chungu. Akachota nusu ya makaa, nusu akamwachia mama yake, Rusi.

"Baba, mimi nahama na bibi," akasema.

Mumbere ndiye aliyempeleka, polepole sana. Walifika Bwera jua likizama, makaa yakiwa mekundu, na safari hii shati la Mumbere halikuungua.

Bright, Rusi, Sylivia na jamaa wote, poleni sana. Tumecheka pamoja nanyi, na tunalia pamoja nanyi.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, wengi wetu tumehama: kwa kazi, kwa ndoa, kwa mafuriko. Leo kaa kidogo, ukumbuke ulichosahau nyuma. Huenda jirani wa zamani bado anakutunzia. Nenda ukakichukue, kwa mwendo wa ng'ombe.