Ubao wa Chumba Namba Nne

Ndugu wafiwa, majirani, wafanyakazi wenzake wa chuo, na nyote mliofunga milango yenu na kuja kukaa nasi tangu juzi, familia imeomba historia hii isomwe taratibu, kwa kuwa marehemu hakupenda kitu chochote kisomwe haraka. Imeandikwa na binti wa kaka yake, aliyelelewa naye, ambaye amehakikisha kila tarehe kwa cheti, kadi au daftari, na pale ambapo hakupata uhakika amesema hivyo.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Aprili 1954, katika chumba kimoja kilichokuwa nyuma ya ofisi ya posta, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto watano wa msambaza barua na mfua nguo. Tarehe hiyo imetoka kwenye kadi ya kliniki, ingawa mama yake alishikilia hadi mwisho kwamba ilikuwa tarehe 12, na alipoonyeshwa kadi alisema uchungu ulikuwa wangu, karatasi ni yao.

Alianza darasa la kwanza mwezi Januari 1962, katika shule ya vyumba sita iliyopakana na karakana ya reli, ambako walimu waliacha kuzungumza kila treni ilipopita, na akamaliza darasa la saba mwezi Novemba 1968. Alifaulu, na kaka yake, waliyekuwa naye darasa moja, alifaulu pia kwa alama chache chini ya zake, lakini nyumbani uwezo wa kumpeleka mbele ulikuwa wa mtoto mmoja, akaenda kaka. Marehemu hakulizungumzia jambo hilo kwa kinyongo, aliwahi tu kusema, huku akimenya viazi, kwamba ilibidi mmoja abaki kumsaidia mama na ndoo za maji, na kaka yake, ambaye amekaa hapa mbele, ametaka liandikwe.

Kuanzia mwaka 1969 alifanya kazi za ndani kwa mkunga mmoja, na mwezi alioanza haukupatikana. Tarehe 2 Februari 1976 aliajiriwa na chuo cha ualimu kuwa mhudumu wa usafi, akakabidhiwa vyumba vya madarasa kuanzia namba moja hadi namba nane, ndoo ya kijani, fagio mbili na dasta, na hicho cha mwisho ndicho kilichompa jina ambalo wengi wenu mnalijua kuliko lile la kwenye cheti. Kazi yake ya mwisho kila siku ilikuwa kufuta mbao, na tangu wiki ya kwanza alijiwekea utaratibu wa kutofuta kitu kabla hajakinakili, iwe ramani, hesabu au mchoro wa figo, akisimama na daftari mbele ya ubao chumba kikiwa kitupu. Mhudumu mwenzake wa vyumba vya juu alimwambia, “Dasta, wenzio wanatafuta waume, wewe unatafuta maandishi ya watu,” naye akajibu kwamba mume akija atamkuta anaandika.

Mume alikuja. Tarehe 7 Januari 1978 alifunga ndoa na fundi baiskeli aliyekuwa na kibanda mkabala na geti la chuo, mtu wa mzaha na mikono mizito, wakahamia vyumba viwili nyuma ya kibanda hicho, na humo ndimo marehemu alimoishi siku zote zilizobaki. Walijaliwa mtoto mmoja wa kiume, aliyezaliwa tarehe 19 Septemba 1980 na kufariki kwa surua tarehe 3 Desemba 1982, akiwa na umri wa miaka miwili, miezi miwili na siku kumi na nne. Hawakupata mwingine.

Hapa inabidi turudi kazini, kwa sababu miaka iliyofuata haieleweki bila siku ya Alhamisi, tarehe 11 Oktoba 1984. Siku hiyo, katika chumba namba nne, mkufunzi wa Kiingereza aliyekuwa na wiki tatu tu chuoni alifundisha vitenzi vya Kiingereza vinavyoishia kwa herufi e na n, kila kimoja na maana yake na maneno mawili yanayokaribiana nayo, na marehemu alikuwa nje akideki ukumbi, polepole kuliko kawaida, mlango ukiwa wazi. Mkufunzi huyo alikuwa na desturi ya kufuta ubao wake mwenyewe, ila siku ile aliitwa ofisini kwa haraka kabla hajamaliza, akampita marehemu mlangoni na kumwambia, “Usifute, mama, kesho naendelea.” Ubaoni vilibaki vitenzi ishirini na vitatu, na juu, kando ya kichwa cha somo, namba 60 iliyopigiwa mstari chini.

Ofisini alikabidhiwa barua ya uhamisho, akaondoka Ijumaa kwa gari la asubuhi, na hakurudi. Marehemu hakufuta. Alifuta mbao nyingine saba kila jioni na kuupita ule, hata wakufunzi wengine walipoanza kulalamika, mpaka Jumatatu ya tarehe 22 mkuu wa chuo alipomsimamia yeye mwenyewe hadi akafuta, na kesho yake akaandikiwa barua ya onyo, ambayo ni ya pekee katika faili lake la miaka thelathini na minane. Kwenye nafasi ya maelezo ya mtumishi aliandika, “Niliambiwa atarudi.”

Alikuwa amenakili kila kitu, pamoja na ile namba, na kuanzia hapo alijitwika kumalizia somo. Alielewa kwamba vilikuwa vitenzi sitini na kwamba yeye amepewa ishirini na vitatu, na alijiwekea sharti gumu, kwamba hatahesabu kitenzi chochote, hata vile vya ubaoni, mpaka kwanza awe amekiona kikitendeka kwa macho yake. Ndiyo maana daftari lake lina mistari ya namna hii: straighten, nyoosha, ondoa upindo, mume wangu na rimu ya baiskeli ya posta, 2 Machi 1986, shorten, fupisha, kata urefu, mkuu wa chuo na hotuba yake, mvua ilipoanza, 28 Novemba 1987, frighten, tisha, ogofya, panya wa stoo na mhasibu, 9 Juni 1990, mhasibu alipanda juu ya meza. Fundi alikuwa akimwambia, “Njoo uandike basi, mama, kabla haijapinda tena,” na siku nyingine, “Hata nikikoroma utaniandika?” naye akijibu kwamba kukoroma hakuna mwisho unaofaa.

Katika vile ishirini na vitatu kimoja kilitiwa alama siku ileile ya tarehe 11 Oktoba 1984. Ni sadden, huzunisha, tia majonzi, na mbele yake, mahali pa kueleza nani na lini, hakuandika kitu.

Kamusi aliyopewa na kaka yake mwaka 1991 ina vitenzi vya namna hiyo zaidi ya sitini, na alilijua hilo vizuri, lakini alisema mkufunzi yule hakuwa mtu wa kuandika namba ovyo, kama alisema sitini basi ni vile sitini ambavyo mtu huvikuta maishani, vingine ni vya wenye kamusi. Wanachuo waliokuwa wakihangaika na Kiingereza walianza kuja stoo kuliazima lile daftari, wakaketi juu ya ndoo zilizopinduliwa na kunakili, na baadhi yao ni walimu na mpo hapa leo.

Mwezi Agosti 2003, mama wa mwandishi alipofariki, marehemu alimchukua binti huyo akiwa na umri wa miaka sita, akamlea, akamsomesha hadi chuo kikuu, na akamfundisha kuandika tarehe kwenye kila kitu. Tarehe 6 Mei 2008 mume wake alifariki akiwa kibandani, spana mkononi. Marehemu alistaafu tarehe 30 Juni 2014 akiwa na vitenzi hamsini na vinne, akaombwa arudishe ndoo, akairudisha, dasta akasema ilipotea. Haikupotea.

Maradhi yalianza mwezi Novemba 2020 kwa miguu kuvimba na pumzi kukatika akipanda ngazi tatu za mlangoni. Daktari alieleza kwamba ukuta wa moyo wake ulikuwa umenenepa, naye akamwuliza kama umenenepa au umetanuka, kwa sababu ni vitenzi viwili tofauti, daktari akatafakari na kusema vyote viwili, marehemu akasema basi sina kipya, hivyo ninavyo, kimoja cha uji na kingine cha barabara. Alilazwa mara tano. Kitenzi cha hamsini na tisa, weaken, dhoofisha, punguza nguvu, alikiandika tarehe 2 Agosti 2022, kwa mwandiko ulioanza kushuka chini ya mstari, na mtendaji akaandikwa kuwa ni ngazi tatu.

Baada ya hapo kikabaki kimoja, na kilimchosha kuliko moyo. Binti alimsomea vya kwenye kamusi, kimoja baada ya kingine, naye alitikisa kichwa na kusema, “Hicho nimekisoma, mwanangu, sijakiona.” Mwanzoni mwa mwaka huu alisema, “Nitafutie yule mkufunzi. Nataka aniambie cha sitini ni kipi, nipumzike.”

Mkufunzi alipatikana Jumamosi, tarehe 25 Machi 2023, akiwa mzee wa miaka sabini na sita, anakaa kwa mwanawe mitaa miwili kutoka gereji ya mabasi. Binti alimwonyesha nakala ya ukurasa ule, mzee akavaa miwani, akacheka, kisha akaacha kucheka. Akasema, “Mwanangu, hii siyo idadi ya vitenzi. Haya ni mahudhurio. Nilikotoka tulikuwa tunayaandika pale juu, ubaoni. Siku ile waliokuwepo darasani walikuwa sitini.” Chuoni mahudhurio yaliandikwa katika daftari la mlangoni, na yeye alikuwa akifuta ubao wake mwenyewe, kwa hiyo marehemu hakuwahi kuiona desturi hiyo hata mara moja.

Kwa wiki sita binti hakumwambia. Kila aliporudi na kuulizwa, “Umempata?” alijibu, “Bado, Shangazi, natafuta,” akaingia jikoni, kwa kuwa hakujua mtu huwa anaelezwaje, akiwa kitandani na hawezi hata kujigeuza, kwamba alichokitafuta miaka thelathini na minane hakikuwepo, na hakujua pia kama ana haki ya kumwacha aondoke nacho. Ni mkufunzi aliyemaliza ubishi huo, akasema, “Ni mimi niliyemwambia asifute. Mwenye kwenda ni mimi.”

Alifika Jumapili, tarehe 7 Mei 2023, saa kumi jioni, akakaa kwenye kiti cha kibandani kilichowekwa kando ya kitanda. Alisema, “Nisamehe, mama, sura yako siikumbuki. Naikumbuka ndoo. Ilikuwa ya bluu.” Marehemu akasema, “Ya kijani.” Kisha mzee akamweleza yote bila kuzungukazunguka, binti amesimama mlangoni ameshika kikombe cha dawa ambacho wakati wake ulikuwa umepita kwa dakika kumi.

Marehemu alisema, “Kwa hiyo muda wote huu nilikuwa nahesabu watu.”

Mzee akasema, “Ndiyo, mama.”

Akauliza, “Na mimi nilikuwemo?”

Mzee akasema, “Hapana. Niliwahesabu waliokaa.”

Marehemu akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa jambo alilolijua. Mkufunzi akaomba daftari na kalamu, akafungua ukurasa wa kwanza, akaikata ile namba kwa mstari mmoja na kuandika pembeni yake 61, akaipigia mstari chini kama alivyokuwa akifanya zamani, akamwonyesha. Marehemu aliutazama ukurasa, akamtaka binti amvue miwani.

Akauliza, “Sasa nifute?”

Mzee akasema, “Futa, mama. Sirudi tena.”

Akasema, “Haya,” akageuzwa upande wa ukutani, akalala usingizi ambao hatukuwahi kumwona nao tangu alipoanza kuugua. Jumatatu alikunywa uji kidogo na hakuulizia kitenzi chochote. Jumanne, tarehe 9 Mei 2023, saa tano na dakika ishirini asubuhi, marehemu alifariki kitandani kwake, katika vyumba vilevile viwili, akiwa na umri wa miaka sitini na tisa na siku ishirini na tano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, hasa muuguzi wa zamu ya asubuhi aliyekubali kuulizwa maana ya kila dawa, majirani waliombeba kwenye ngazi tatu mara tano kwenda na mara tano kurudi, wahudumu wenzake wa chuo, ambao leo wamefuta mbao zote nane kabla ya kuja hapa, na mkufunzi, aliyekaa safu ya pili. Daftari halikuwekwa ndani ya jeneza, lipo juu ya meza pale mlangoni pamoja na dasta, anayetaka kunakili anakili, vitenzi ni hamsini na tisa, na nafasi ya cha sitini imeachwa wazi kama alivyoiacha.

Shangazi, aliyekuambia usifute amekuja, na namba imesahihishwa. Pumzika sasa, kwa amani, ubao tumeufuta sisi.