Nilivyomsugua Kaisari Mpaka Uso Ukaisha

Nilimsugua Kaisari kwa mchanga na majivu mpaka uso wake ukaisha. Wazee wangu, shikamooni. Nimeanza na ujinga wenyewe nisije nikaukimbia.

Mwalimu wetu wa historia, aliyehamia huku Lituhi kutoka mkoa mwingine, anakusanya dinari, zile sarafu za fedha za Warumi. Huzishika kingoni tu. Upande mmoja Kaisari na taji la majani, upande wa pili mwanamke mwenye mabawa. Akatueleza kwamba watu wa mbali walimjua mtawala wao kwa sura ile tu. Mimi nikaropoka, "Mwalimu, mbona mweusi hivyo? Ikulu hakukuwa na maji?" Darasa zima likaangua kicheko. Sifa zikanipanda. Alipogeukia ubao nikachomoa moja, nikamwogeshe ziwani, nimrudishe Jumatatu anang'aa, wacheke tena.

Nikasugua Jumamosi nzima. Aling'aa kweli! Pua ikaondoka, taji likaondoka, na mabawa nayo. Nikabaki na kitu laini kama kifungo cha shati.

Jumatatu nikamkuta mwalimu amepiga magoti, anatafuta chini ya madawati. Na mimi, ndugu zangu, mnanijua, mdomo haukunyamaza: "Kaisari katoroka, Mwalimu!" Akacheka kidogo, kwa adabu tu. Kisha akasema, "Ile alinipa marehemu baba. Ndiyo iliyonianzisha kuzikusanya."

Ilikuwa ndani ya soksi yangu.

Nawaambia, tangu hapo wenzangu wakisubiri niwachekeshe, najifanya nina kazi, naondoka. Mwisho nikamweleza rafiki yangu mmoja. Akaniburuta hadi ofisi ya walimu, akagonga mlango, akakimbia.

Nikaitoa sarafu, nikakiri. Mwalimu akavaa miwani. Akaigeuza sarafu, akaigeuza tena, akitafuta uso. "Ule weusi haukuwa uchafu," akasema. "Ulikuwa umri wake." Hakunichapa. Afadhali angenichapa! Akanipa kazi: kila mwanafunzi anayekuja kuziona sarafu, mimi ndiye nimwonyeshe kwanza hiyo, na niseme nani kaiharibu. Mara ya kwanza nililia. Siku hizi nasema bila kukwepesha macho.

Namshukuru mwalimu, na yule mkimbiaji wangu. Vijana wenzangu, kitu cha mtu usikiguse bila kumuuliza, hata kama darasa zima linakushangilia.

Nyumbani nilimweleza mama yote. Akasema:

"Mwalimu amekusamehe, mimi bado. Umefuta zawadi ya marehemu baba wa mtu. Na sufuria zangu kila siku unasema mkono unauma."