Mama Mlangoni Anaondoka Kaunta

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kukata tiketi za ndege, Mama Mlangoni anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni.

Jina hilo tulimpa sisi wenzake, kwa utani. Abiria akiuliza safari ni masaa mangapi, sisi tulitaja ya hewani, basi. Yeye alihesabu toka mlango unaoufunga mpaka mlango utakaoubishia hodi: foleni, mizigo, kusubiri ndege ya pili, teksi. "Ndege haikushushi kitandani, baba," aliwaambia. Bwana harusi mmoja alitaka kutua saa tatu, ndoa saa nne. Mama Mlangoni akamshauri asafiri siku moja kabla, bibi harusi asije akafunga ndoa na picha. Tulinung'unika kwamba anachelewesha foleni, lakini abiria walimtaka yeye tu.

Mimi mkuu wa kaunta nina langu la kusema.

Nikiwa mgeni kazini, mama mmoja mwenye kichanga aliniuliza safari ya kumfuata mumewe mji wa mbali ni ndefu kiasi gani. Nikaangalia tiketi: kuondoka saa nne asubuhi, kufika saa kumi jioni. Nikamwambia afungashe maziwa ya masaa sita. Nilisahau kuwa saa za kule ziko nyuma ya zetu kwa masaa matano. Safari ilikuwa ya masaa kumi na moja.

Asubuhi ya safari nikamsimulia Mama Mlangoni, najisifu nilivyomtoa yule mama wasiwasi. Alitoka mbio na ndala zake za chini ya kaunta, akanunua kopo la maziwa, akamwahi yule mama uwanjani akiwa kwenye foleni.

Huku nyuma bosi wa wakati huo alikuta kiti cha Mama Mlangoni kitupu na watu wamejaa. Aliporudi akaulizwa. Hakunitaja, alisema kosa ni lake. Cheo cha mkuu wa kaunta kilikuwa kinamsubiri yeye. Mwezi uliofuata nikapewa mimi. Nikanyamaza, nikakikalia mpaka leo, naye kila asubuhi ananisalimia kama mdogo wake wa tumbo moja.

Juzi nilimwomba radhi. Akacheka. "Mdogo wangu, mtoto alishiba. Mengine yaliisha siku ile ile."

Kwangu hayakuisha. Nimeyaandika hapa ili wote mjue kile kiti ni cha nani.

Jumapili anapanda ndege kwenda mji ule ule, kwa binti yake aliyejifungua. Tiketi nimemkatia mwenyewe.

Dada, hewani ni masaa kumi na moja. Toka mlango wako mpaka mlango wa mwanao ni kumi na nane; nimehesabu mara mbili. Asante kwa kunilea. Ukae salama, umbebe mjukuu mpaka mikono ichoke. Na ukifika tupigie, usiangalie kwetu ni saa ngapi.