Mwalimu Aliyewashikia Wenzake Madarasa

Dada yetu, ambaye mitaa na shule nyingi zilimjua kwa jina la Mwalimu Rula na sisi wadogo zake tulimwita Dada tu, alizaliwa siku ya Jumanne, tarehe 9 Machi 1954, katika vyumba viwili vilivyokuwa nyuma ya karakana ya baba. Baba alikuwa seremala na mama alishona sare za shule. Dada alikuwa mtoto wa kwanza kati ya wanne. Alipoanza shule alikuwa na umri wa miaka saba, na hazikupita wiki mbili akaanza kusahihisha watu wa nyumbani. Siku moja baba alimaliza kutengeneza mlango wa mteja. Dada aliuzunguka, akaukagua, akachukua chaki akaandika juu yake nane juu ya kumi.

“Na hizi mbili zimekwenda wapi, mwanangu?” baba akauliza.

“Mlango unalia, baba.”

Baba akaufungua, kweli ukalia. Akatia mafuta kwenye bawaba, akamwita aje kusahihisha upya. Mama alizoea kusema kwamba mteja yule hakujua kamwe kwamba mlango wake ulifanya mtihani mara mbili.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1967 na sekondari mwaka 1971. Alipata cheti cha ualimu Novemba 1973. Tarehe 14 Januari 1974 aliingia darasani kwa mara ya kwanza kama mwalimu, katika shule ya msingi iliyo karibu na tangi la maji, akakabidhiwa darasa la nne lenye watoto sitini na madawati kumi na tisa. Huko ndiko walikompa jina la Rula, kwa sababu alitembea wima na hakupinda kwa mtu.

Tarehe 16 Desemba 1978 alifunga ndoa na fundi redio, mtu mpole aliyependa utani. Walijaliwa watoto wawili, binti na mvulana. Fundi aliwaambia watu kwamba alimpata mke kwa sababu Dada alileta redio yake kutengenezwa, akaja kuichukua, akaisikiliza dakika kumi nzima kabla ya kusema asante. “Nikajua huyu hadanganywi,” alisema. “Nikaona heri nimuoe kuliko awe mteja.”

Mwaka 1983 Dada alipata nafasi ya kusomea stashahada ya ualimu kwa miaka miwili. Barua ya kuitwa chuoni aliishika kwa siku nne tu, kisha akairudisha. Darasa lake lilikuwa na watoto sitini na wawili na mwalimu wa kumbadili hakuwepo. Tena aliambiwa wazi kwamba akiondoka, akirudi asitegemee kuikuta nafasi yake. Hakulalamika mbele ya mtu. Ila mume wake alisema kwamba wiki ile kila chakula kilizidi chumvi.

Mwaka 1986 yeye na walimu wenzake saba walianzisha Chama cha Walimu Wanawake, ili mwalimu mwanamke anayetaka kuendelea na masomo apate ufadhili. Walikutana Jumamosi saa nane mchana katika karakana ya Fundi, wamekaa katikati ya redio zilizofunguliwa matumbo. Walihangaika wakapata ufadhili wa walimu watatu. Wote watatu walirudisha barua, kwa sababu ileile iliyomfanya Dada arudishe yake. Chama kilikuwa na ufadhili na hakikuwa na msomi hata mmoja. Watu walianza kukiita Chama cha Barua.

Hapo ndipo Dada alipotoa shauri lake. Alisema kumpa mwalimu karo peke yake hakutoshi. Lazima apewe na watu wa kumshikia darasa mpaka arudi, na watu hao ni wao wenyewe.

Katibu wa chama alicheka. “Rula, shoga yangu, tuna madarasa yetu, tuna waume, tuna nguo za kufua. Unataka tukatwe vipande kama mkate?”

“Wewe unafundisha asubuhi. Mchana unafanya nini?”

“Napumzika.”

“Unapita kwangu kulalamika. Njoo ulalamike darasani.”

Mwalimu wa kwanza kuondoka, Januari 1990, alikuwa mama mmoja aliyelea watoto watatu peke yake. Walimwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa maneno yake. Alifundisha darasa la sita zamu ya mchana. Mwalimu mkuu wa shule yake alikubali kwa shingo upande. “Akina mama,” aliwaambia, “darasa si benchi la kituoni, kila anayepita anakaa. Watoto hawa mwakani wana mtihani wa mwisho. Wakianguka, huyo mwenzenu asirudi hapa.” Basi kazi ya Sindano, na chakula cha wanawe watatu, vikawa mikononi mwa wanawake wanane.

Walianza kwa makosa, na Dada mwenyewe hakupenda yafichwe. Kila mmoja aliingia darasani na njia yake ya kufundisha kugawanya. Ilipofika Aprili, kiranja wa darasa alisimama akauliza kwa adabu, “Samahani Mwalimu, leo tunagawanya kwa njia ya Jumatatu au ya Alhamisi?” Katika jaribio la katikati ya mwaka darasa likawa la mwisho. Mwalimu mkuu akabandika matokeo mlangoni, urefu wa macho, ili akina mama wasiyapite.

Jumamosi iliyofuata Dada alipanda basi saa kumi na mbili asubuhi, akaenda mpaka chuoni kwa Sindano.

“Umesafiri mwendo wa saa tano kwa ajili ya kugawanya?” Sindano akamuuliza.

“Nimekuja uniazime kichwa. Nifundishe kama unavyowafundisha wao, neno kwa neno.”

Alikaa kwenye ngazi za bweni mpaka saa tisa, akiandika. Aliporudi aliwakalisha wenzake saba katika karakana akawafundisha kugawanya kama watoto wa darasa la sita, na aliyekosea alisimama. Akaweka na daftari moja darasani: kila anayemaliza kipindi aandike ameishia wapi, na mtoto gani hakuelewa. Fundi alisema, “Nilioa mwalimu mmoja, sasa ninao wanane. Redio humu ndani haithubutu hata kukohoa.”

Matokeo yalitoka Desemba 1991. Mwaka uliotangulia walifaulu watoto thelathini na watatu. Mwaka ule, kati ya sitini na mmoja, walifaulu hamsini na wanane. Sindano alirudi na stashahada yake, akakuta darasa lake, kiti chake, na mwalimu mkuu amesimama mlangoni. Mwalimu mkuu hakuomba radhi, maana haikuwa tabia yake. Aliuliza tu, “Sasa mnamchukua nani mwingine? Nina wawili hapa.”

Tangu siku ile hakuna mwalimu wa chama hiki aliyerudisha barua.

Dada aliwasukuma wenzake mbele, yeye akabaki nyuma. Mwaka 2003 wenzake walimpendekeza aende kusoma. Alikataa, kwa kuwa kanuni ilisema mwombaji asizidi miaka arobaini na mitano, yeye alikuwa na arobaini na tisa, na kanuni hiyo aliiandika kwa mkono wake. Wakamtuma akalete chai. Aliporudi na birika, kanuni ilikuwa imekwisha futwa na darasa lake limekwisha gawanywa. “Mmenigeuka,” alisema. Katibu akamjibu, “Mimina chai, mwanafunzi.” Alihitimu tarehe 18 Novemba 2005, wa tatu katika chuo kizima. Tulisafiri sote kwenda kumpigia makofi.

Alistaafu Machi 2014, akaendelea kuwashikia wenzake vipindi. Mume wake alifariki mwaka 2015. Mwaka 2020 figo zake zilianza kushindwa, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki. Mwezi uliopita alilazwa. Mwalimu wa hamsini na nne kusomeshwa na chama, aliyekuwa kwenye mitihani ya mwisho, alifika wodini akisema ataacha mtihani amuuguze. Dada alimfukuza. Mwalimu yule akarudi Ijumaa jioni, tarehe 31 Mei.

“Umemaliza?”

“Nimemaliza, Mwalimu.”

“Ulikagua?”

“Mara mbili.”

“Haya, sasa kaa uniuguze.”

Alikaa naye mpaka Jumapili tarehe 2 Juni, saa kumi alasiri, Dada alipofariki.

Ameacha binti ambaye ni muuguzi, mwana wa kiume ambaye ni mpima ardhi, wajukuu watano, wadogo zake watatu, na walimu hamsini na wanne waliosoma. Leo ni Jumatano, siku ya shule. Kati ya walimu hao, ishirini na saba wako hapa makaburini. Wengine hawakukosa heshima. Wako madarasani wanawashikia vipindi hawa, na zamu ya mchana ikianza watapokezana, nao waje kumuaga.

Daktari alimwambia Dada apumzike, hakusikia. Sisi wadogo zake hatukuwahi kumwamuru jambo. Leo tunamwomba: Dada, pumzika, tena kwa amani.