Genoveva Bonaventura, Aliyerudi Murusagamba na Jibu

Dada yetu Genoveva, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Wema, alizaliwa tarehe 12 Agosti 1949 hapa Rulenge, mtoto wa kwanza wa marehemu mzee Bonaventura na marehemu mama Mukandayisenga. Mimi Telesfori ndiye niliyemfuata kuzaliwa.

Alisoma shule ya misheni hapahapa, kisha akasomea maendeleo ya jamii. Mwaka 1971 alipangiwa Biharamulo, akavitumikia vijiji vya Nyantakara na jirani zake kwa zaidi ya miaka ishirini. Tarehe 7 Julai 1973 alifunga ndoa na mwalimu William, wakajaliwa watoto watatu.

Wakimbizi walipoingia Ngara mwaka 1994, mashirika yalikuja, na nyuma ya mashirika zikaja kampuni za washauri. Februari 1995 mojawapo ilimwajiri. Walisema wanatafuta mtu mzoefu, asiyehitaji kufundishwa. Wakamfundisha wiki nzima. Siku ya kwanza alirudi nyumbani, akavua viatu, akamwambia shemeji: "Baba Wema, leo nimefundishwa kusalimia wanakijiji." Walicheka mpaka chai ikapoa.

Kazi yenyewe ilikuwa kuuliza watu shida zao na kuwashauri wafadhili. Huko Murusagamba wanawake walimweleza kwamba miti ya juu ya chemchemi yao imeishia kwenye kuni, maji yanakauka, wanaomba kisima. Marehemu aliandika hivyo. Wafadhili wakakataa. Kampuni nayo ilikuwa na sheria yake: majibu ni mali ya aliyeagiza kazi, mshauri harudi kijijini kuyasema.

Yeye aliomba ruhusa ya siku mbili, akapanda lori la ndizi, akaenda. Akasimama mbele yao: "Kisima hakipo. Wamekataa."

Bi Ntirampeba, aliyekuwa msemaji wao, alikasirika. "Sasa wewe umekuja kufanya nini?"

"Nimekuja ili msikae mkiningoja."

Bi Ntirampeba alimkaribisha ugali wa muhogo na maharage, akiwa bado amenuna. Kampuni ilimpa barua ya onyo. Hakuacha. Kila kijiji alichouliza alikirudia, na mara nyingi alirudi na neno la kukatisha tamaa. Tulimwonea huruma. Alikuwa akifika nyumbani amechoka, anakaa tu, hata kula hataki. Nilimsihi aache kabla hawajamfukuza. Alinijibu, "Nimechoka, Telesfori. Lakini waliniambia mimi, hawakuiambia kampuni." Machi 1999 mkataba wake ulikwisha, na hawakumwongezea.

Mwaka jana, 2000, alianza kuumwa tumbo. Ilikuwa saratani. Daktari alitueleza sisi ndugu, na kama ilivyo desturi yetu tukaona tumfiche. Kila aliyefika kitandani alisema, "Utapona, Mama Wema." Alikuwa akituuliza kwa macho, kisha akawa haulizi tena. Hatukulala vizuri siku zile, wala yeye hakulala.

Mwezi uliopita Bi Ntirampeba alifika kumwona. Alikuwa amesikia habari kwa mwanangu aliyepita Murusagamba, akatukuta sebuleni tukipanga maneno ya kusema. Akatupita, akaketi kitandani, akamshika mkono.

"Mama Wema, hutapona. Nimekuja nikuambie mwenyewe, usikae ukingoja."

Dada yangu alishusha pumzi ndefu. "Asante kwa kurudi," alisema. Mchana ule alilala usingizi mzito, na alipoamka aliagiza aitwe padri, akagawa vitenge vyake, akachagua mahali hapa tuliposimama. Alifariki Jumanne, tarehe 16 Oktoba 2001, alfajiri.

Ameacha mume, mwalimu William, watoto Wema, Suzana na Bartholomayo, wajukuu wanne, nami mdogo wake. Wanawake wa Murusagamba wamefika tangu jana, wamekaa pale nyuma pamoja na Bi Ntirampeba. Kisima chao hakijachimbwa hadi leo. Marehemu asingekubali tumzike bila hilo kusemwa.

Bwana ampe pumziko, maana alichoka kweli. Apumzike kwa amani.